Kamba Niliyompimia Ama

Nyie mnaokuja kibarazani kwangu Jumamosi na simu zenu, mkaweka video ya mtu anayefuma haraka utadhani anafukuzwa, nawapenda lakini mnanichosha. Mnasimamisha video, mnairudisha nyuma, halafu mnaniuliza, "Bibi Mwalimu, hapa kafanyaje?" Mimi sijui kafanyaje. Mimi nilifundishwa na mtu aliyekuwa akinigonga vidole kwa spoku ya baiskeli. Leo wekeni simu mfukoni. Mikono iendelee na kazi, masikio mnipe mimi.

Mnajua nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu. Kufuma hakukuwa kazi yangu, hakuna aliyenilipa mshahara kwa ajili hiyo. Nilifuma jioni, nilifuma likizo, nilifuma kwenye vikao vya walimu mpaka mwalimu mkuu akanikataza. Lakini yale niliyoandika ubaoni yalifutwa siku ileile, na masweta yangu bado nayaona yanapita hapa Katesh migongoni mwa watu. Lipo moja tu ambalo halijavaliwa na mtu yeyote. Nitafika huko, msinikimbize.

Tuanze na shingo, maana naona Rehema hapo anafunga shingo ya sweta kwa nguvu kama anafunga gunia. Mwanangu, legeza. Nitakwambia kwa nini.

Mume wangu Boay, Mungu amrehemu, alikuwa bwana mifugo. Sweta la kwanza kabisa nililomaliza nilimpa yeye tukiwa tumeoana karibuni. Nilijivunia sana. Siku ya mkutano wa josho la kuogeshea ng'ombe kulikuwa na upepo wa mlimani, akaamua kulivaa mbele ya wazee. Mikono ikaingia, kifua kikaingia, kichwa kikafika puani kikakataa. Alibaki amesimama mikono juu, hana uso, na wazee wanamuuliza maswali kuhusu kupe. Wawili wakamshika, wakavuta. Masikio yakapita moja moja, na jioni nzima yalikuwa mekundu. Kulivua ndiko kukashindikana kabisa. Ikabidi aende zahanati kwa nesi, nesi akalikata shingoni kwa mkasi wa kukatia bendeji. Mimi nililia. Boay alilivaa hivyohivyo, limekatwa, miaka mingi, na kila akiulizwa anasema amefumiwa na msomi. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa shingo, chukua sindano nene kuliko uliyofumia. Shingo ikilegea kidogo mtu haoni. Ikikaza, kijiji kizima kinaona.

Huyo nesi ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anaitwa Zuhura, mwenyeji wa Kondoa, ameletwa na serikali kama nilivyoletwa mimi. Mimi nilitoka Muheza, mkoa wa Tanga, ambako baridi tulikuwa tunaisoma kwenye vitabu. Nilipopangiwa Hanang, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Arusha, nilikuja na magauni mepesi na kitenge kimoja. Wiki ya kwanza nilifundisha nikiwa nimejifunga shuka la kitandani. Zuhura alinikuta hivyo, akaniletea sweta lake. Akasema, "Hili nakuazima tu. La kwako utalifuma."

Sindano hazikuwepo dukani. Tulichukua spoku za baiskeli mbovu, tukazinyoosha, tukazisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini, na mwishoni tukachomeka vipande vya gunzi ili mishono isiponyoke. Spoku ni nyembamba, kazi haiendi, lakini sweta lake upepo haupiti. Kila nilipokaza uzi, Zuhura alinigonga. "Shusha mabega, Mwalimu. Hupigani na mtu." Mpaka leo nikishika sindano nashusha mabega.

Sasa nije kwa Ama.

Ama ni mama yake Boay. Nyie wa huku mnajua, bibi mtu mzima anaitwa Ama, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakaa mlimani, juu ya Jorodom, kwenye nyumba ya zamani iliyochimbwa kwenye ubavu wa mlima, paa lake la udongo unaweza kulipanda bila kujua umepanda nyumba. Ndani mnalala watu, ndama na mbuzi. Nilipoingia mara ya kwanza niligonga paji la uso mlangoni, nikasema shikamoo huku machozi yananitoka, na Ama akadhani mkwe wake mpya ni mtu wa kulialia. Lakini joto la nyumba ile! Nje watu wanatetemeka, ndani unatafuta pa kuvua kitenge.

Nilitaka kumfumia sweta. Mkwe mgeni, wa kabila lingine, hajui kukamua, hajui kupika ugali wa mtama ukaiva sawasawa, nilikuwa na mikono tu ya kujitambulisha nayo. Nikaenda na kamba yangu ya kupimia. Futi ya fundi sikuwa nayo, nilikuwa nimesokota uzi mrefu wa katani, kila kipimo nafunga fundo: fundo la kifua, fundo la mkono, fundo la urefu wa mgongo. Nikamwendea Ama mikono imenyooka. Akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Weka hiyo," akasema.

"Ama, nataka tu kupima kifua."

"Weka, Mwalimu. Mimi bado."

Boay alinitoa nje, akanieleza. Baba yake alipofariki, wanaume waliingia na kamba, wakampima kuanzia kichwani hadi kisiginoni, wapate kujua urefu wa kuchimba. Ama aliyaona hayo kwa macho yake. Tangu hapo alisema mtu anapimwa kwa kamba siku moja tu. Sisemi ni mila ya watu wote wa huku, maana majirani zake walipimwa na mafundi wa sokoni bila wasiwasi. Lakini Ama hakuwahi kwenda kwa fundi, na kamba hakuitaka karibu.

Basi ndipo nilipojifunza kupima kwa macho, ujuzi ambao nyie hamtaki kujifunza kwa sababu simu inawapa namba. Mtu akikupa mkono, tazama kiwiko chake kinaishia wapi ukilinganisha na cha kwako. Akiegemea mlango, kumbuka bega lilifika kwenye fundo gani la mti, akiondoka nenda upime mlango. Nguo yake ikianikwa, pita karibu uipime kwa shubiri. Nilivifanya hivi vyote kwa Ama. Nilimfumia kofia, nikamfumia soksi, nikamfumia mtandio wa mabegani. Alivipokea kwa mikono miwili na kuvivaa kanisani. Lakini alikuwa ananiona.

"Mwalimu, macho yako yananitembea," alisema siku moja, akachekea kwenye mtandio.

"Nataka kukufumia sweta, Ama."

"La nini? Nyumba yangu ndiyo sweta."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mwaka, na lilikuwa kweli. Mpaka vijiji vilipokuja.

Nyie mmesoma vijiji vya ujamaa kwa ajili ya mtihani. Mimi nilivifundisha. Nilichora ubaoni nyumba zimepangwa mistari, shule hapa, zahanati pale, bomba katikati, na watoto wakaimba. Sitawadanganya kwamba nilikuwa naimba uongo. Niliamini, na yapo yaliyofaa. Zuhura alifikiwa na wagonjwa ambao zamani wangefia njiani. Watoto waliokuwa wanatembea nusu siku kuja shuleni sasa walikuwa wanachelewa kwa uvivu tu. Lakini mjumbe wa nyumba kumi alipopanda mlimani kuwaambia akina Ama wajiandae, na lori likaja kuchukua vyombo kuwapeleka tambarare upande wa Balangdalalu, mimi nilikuwa darasani nafundisha, na sikufikiria habari ya baridi.

Nyumba waliyompa ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, imejengwa haraka na udongo haujakauka. Imesimama peke yake juu ya ardhi, upepo unaizunguka pande zote. Ng'ombe wakawekewa zizi lao mbali. Boay na kaka yake Bura waliziba nyufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakiziba huku zinafunguka kule. Ama akaanza kukohoa. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa karibu na moto kiasi kwamba pindo la shuka lilikuwa limebabuka.

"Ng'ombe wanalala kule, mimi nalala hapa," alisema. "Nani anampasha mwenzake joto?"

Hakulaumu mtu. Angelaumu ningepata la kujibu, ningempa yale ya ubaoni. Alisema hivyo tu, akasogeza kuni.

Nikarudi kwa Zuhura, nikamwambia safari hii Ama lazima avae sweta, nitapima kwa macho na liwalo na liwe. Tatizo likawa uzi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu. Siku zingine unakuta viberiti, siku zingine unakuta majembe, uzi wa sweta unauulizia mpaka muuzaji anakuonea huruma. Nikafumua sweta langu mwenyewe la kijani, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo.

Kufumua nako ni kazi, sikilizeni. Usianze popote unapoona uzi umechomoza, utaukata vipande. Tafuta pale ulipofungia mwisho, begani au shingoni, uanzie hapo, uzi utakuja kwa upole. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufue, uutundike ukiwa na jiwe dogo chini linyooshe yale mawimbi. Ukiwa na haraka, upitishe juu ya mvuke wa sufuria. Uzi uliokwisha kufumwa mara moja unakumbuka umbo lake la zamani, lazima uubembeleze kabla ya kuuanzishia kazi nyingine.

Nilikuwa nimeuandaa uzi wote nilipokwenda kwa Ama kumtazama tena mabega. Ilikuwa mchana, jua lipo, amekaa nje amejiegemeza ukutani. Nikatoa shikamoo. Akaitikia.

"Mwalimu, ile kamba yako ipo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kamba ipi, Ama?"

"Ya mafundo. Leta. Unipime."

Wanangu, furaha niliyoipata siku hiyo siwezi kuwaeleza. Miaka yote nimekataliwa, leo mtu ananiita mwenyewe. Niliitoa upesi kwenye kikapu. Akasimama. Nikapima kifua, nikafunga fundo. Nikapima mkono, nikafunga fundo. Nikapima mgongo. Alikuwa amepungua sana, macho yangu yalikuwa yamenidanganya kwa sababu ya mashuka aliyokuwa anajifunga. Nilikuwa naongea bila kunyamaza, namwambia nitaweka vifungo mbele ili asihangaike na shingo, nikamsimulia tena habari ya Boay na josho, akacheka mpaka akakohoa.

Nilipoanza kuikunja kamba, akasema, "Bado. Sasa anzia kichwani."

"Kichwani tena? Nitakufumia kofia nyingine?"

"Anzia kichwani, ufike chini."

Nikacheka. "Ama, sweta halifiki kwenye visigino."

"Pima tu, mwanangu. Usiruke."

Akavua kitambaa cha kichwa. Akavua kandambili. Akajinyoosha ukutani, mikono ubavuni, kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kupimwa afya. Nikampima kuanzia utosini mpaka kisiginoni, nikicheka, nikafunga fundo kubwa ili ajue nimemtii.

"Umefunga vizuri?"

"Nimefunga, Ama."

"Isipotee."

Nikarudi nyumbani naimba. Nilimwambia Boay mama amekubali kupimwa, akafurahi, akasema baridi imemshinda ubishi. Hiyo ya kichwani mpaka kisiginoni sikumwambia. Niliiona ni mchezo wa mtu mzima, hata haikunijia tena akilini.

Nilifuma kwa bidii ambayo sijawahi kufuma nayo tena. Mgongo ukaisha, vipande viwili vya mbele vikaisha, mkono wa kulia ukaisha. Wa kushoto ukafika kwenye kiwiko, uzi ukaniishia. Nilikuwa na donge la uzi wa kahawia, Zuhura alinipa. Nilimpelekea Ama donge hilo nikamwonyesha. Akasema rangi yoyote ni sawa, mkono haujui rangi. Mimi nikakataa. Sikutaka mama mkwe wangu aonekane ameungwa kiraka mbele ya kijiji kipya. Zuhura alikuwa anakwenda Kondoa likizo, dada yake alikuwa na sweta kuukuu la kijani kama lile langu, akaahidi kurudi nalo nilifumue. Nikauacha mkono ukiwa kwenye spoku zake, nikasubiri.

Ama alifariki asubuhi moja kabla Zuhura hajarudi. Alikuwa ameamka, amewasha moto mwenyewe.

Wanawake tulikuwa tumekaa ndani naye. Shemeji Bura akaja mlangoni, kamba mkononi. Yeye ndiye mkubwa, ilikuwa juu yake. Alisimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, mtu mkubwa mwenye ndevu, na hakuweza kuingia.

"Mwalimu," aliniita kwa sauti ya chini. "Yuko tayari? Nataka nichukue kipimo."

Wakati ananiuliza ndipo niliposikia sauti ya Ama waziwazi, isipotee. Nilisimama, nikaenda kwenye kikapu changu cha kufumia nilichokuja nacho. Kamba ilikuwa chini ya lile sweta. Nikampelekea.

"Hiki hapa," nikasema. "Mwanzo ni hapa, mwisho ni kwenye fundo kubwa."

Aliitazama, hakuishika. "Nani alimpima?"

"Mimi. Alisema nimpime. Alisimama mwenyewe."

Bura aliketi kwenye kizingiti cha mlango. Aliipokea kamba, akaipitisha vidoleni mpaka akalifikia fundo, akalishika kwa muda. "Sisi ndio tuliompima Baba mbele yake," akasema. "Hakutaka tuje tena na kamba. Amekuja kwako." Kisha akainuka akaenda walikokuwa wachimbaji, na kamba ile haikurudi.

Nilitoka nyuma ya nyumba, nikalia mpaka jirani akaja kunishika. Watu walidhani nalia kama mkwe anavyolia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimecheka. Mama wa watu alikuwa ananiaga, ananiaga kwa njia pekee ambayo angeweza, na mimi nikamwambia sweta halifiki kwenye visigino.

Nimeishi na hilo muda mrefu, nimeligeuza pande zote. Siku zingine najiambia alitaka hivyohivyo, apimwe amesimama kwenye jua, na mtu anayecheka, wala si wanawe wanaotetemeka. Labda ndiyo maana alinichagua mimi nisiyejua kitu. Zuhura aliniambia hivyo aliporudi, na nilimshukuru. Lakini siku zingine nawaza kwamba baada ya "isipotee" alinitazama, akangoja. Ningeweza kukunja kamba, nikakaa naye ukutani pale, nikamuuliza, Ama, unaogopa? Nilikuwa na haraka ya kwenda kuanzisha mishono.

Zuhura alirudi na lile sweta la dada yake. Kijani kilikuwa kilekile kabisa. Nililifumua nikafuma kofia za watoto wa zahanati, nikazimaliza zote. Mkono wa kushoto wa sweta la Ama bado uko kwenye kiwiko, spoku zimeshika kutu ndani yake. Liko sandukuni. Msiniombe nilimalize, na nikifa msilimalize nyie.

Kwa hiyo uzi ukiisha, unga rangi nyingine. Nawaambia hivyo kila Jumamosi na mnadhani nawaonea wivu wa urembo. Weka wa kahawia, weka mwekundu, mtu apate joto leo.

Na wewe Rehema, wiki iliyopita ulikuja na futi yako ya plastiki, ukasema unataka kunifumia sweta. Nilikuacha upime mabega na mikono tu, ukanuna. Usinune. Hivyo vinatosha kwa sweta. Siku nitakayokwambia uanzie kichwani, usicheke na usiniandikie namba kwenye simu. Weka futi chini, vuta kigoda, ukae.